Muulize Mwalimu: Tahiti, kisiwa kilichosifiwa mpaka kikaumia

Mwezi uliopita msomaji wa Nyakato aliuliza Tahiti iko wapi. Nilimjibu kwa mistari minne: ni kisiwa cha Polinesia, kusini mwa Bahari ya Pasifiki, chini ya Ufaransa, mji wake mkuu Papeete. Nikadhani yameisha. Tangu hapo meseji hazijakatika, hadi mhariri akasema, "Mwalimu, wape ukurasa mzima." Haya, ndio huu. Mlioniuliza habari za mitihani ya kidato cha nne na mipaka ya viwanja vya Buswelu mtanisubiri mwezi ujao.

Wengi mlioandika mna picha moja kichwani: mchanga mweupe, mnazi ulioinama, msichana mwenye ua sikioni. Picha hiyo ina miaka zaidi ya 250, na walioichora si Watahiti. Nitawaeleza imetoka wapi, maana imewagharimu wenyeji kuliko inavyodhaniwa.

"Mwalimu, shikamoo. Olimpiki ya 2024 niliitazama kibanda umiza hapa Igombe. Michezo ilikuwa Paris, ila wale wanaoteleza juu ya mawimbi kwa ubao walikuwa Tahiti. Kijana wa hapohapo akashinda, akapandishiwa bendera ya Ufaransa. Tahiti ni nchi au si nchi?" Mvuvi, Igombe.

Marahaba, mwanangu. Uliona sawasawa. Kijana yule ni Kauli Vaast, mzaliwa wa Tahiti, na wimbi lile ni la Teahupo'o, kijiji kilichoko barabara inapoishia, kusini-mashariki mwa kisiwa. Kutoka Paris ni zaidi ya kilomita 15,000. Ambacho televisheni haikukionyesha sana ni kwamba wanakijiji walipinga mnara wa aluminiamu wa waamuzi uliotakiwa kusimikwa juu ya matumbawe. Desemba 2023 tishari la kazi lilipita kwa majaribio, likavunja matumbawe mbele ya kamera. Mnara ukapunguzwa ukubwa, lakini ukajengwa.

Nchi huru, hapana. Tahiti ndicho kisiwa kikubwa kuliko vyote vya Polinesia ya Ufaransa, ambayo ina visiwa zaidi ya mia moja vilivyotawanyika katika eneo la bahari linalokaribia ukubwa wa Ulaya Magharibi. Wana bunge lao na rais wao. Moetai Brotherson, aliyechaguliwa kuwa rais Mei 2023, alitokea chama kinachodai uhuru. Lakini jeshi, mahakama na mambo ya nje viko Paris. Mwezi Mei 2013 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilikirudisha kisiwa na wenzake kwenye orodha ya maeneo yasiyojitawala, na Ufaransa ilikasirika kwelikweli. Kamati inayoshughulikia orodha hiyo ndiyo ile aliyoiongoza Dk. Salim Ahmed Salim wetu miaka ya 1970.

Walifikaje hapo? Mwaka 1797 meli iitwayo Duff ilishusha wamisionari wa Kiprotestanti kutoka London katika ghuba ya Matavai. Karibu miaka ishirini walihubiri bila kuvuna. Aliyewainua ni chifu Pomare wa Pili, ambaye naye alikuwa akitafuta marafiki wa kumsaidia dhidi ya machifu wenzake. Novemba 1815 alishinda vita vya Fei Pi, 1819 akabatizwa, na kisiwa kikamfuata kanisani. Binti yake, Malkia Pomare wa Nne, alitawala kuanzia 1827 hadi 1877. Mwaka 1836 mapadri wawili wa Kifaransa walitua kisiwani, wakafukuzwa, na mmisionari wa Kiingereza alikuwa na mkono wake humo. Ufaransa ikaleta manowari kudai fidia na kuombwa radhi. Ikaridhika? Haikuridhika. Ilirudi tena, na 1842, malkia akiwa kisiwa cha jirani, machifu kadhaa walitia sahihi barua ya kuomba "ulinzi" wa Ufaransa. Malkia akalazimishwa kufuata.

Watu waliingia mabondeni kupigana, kuanzia 1844 hadi mwisho wa 1846. Malkia alikimbilia kisiwa cha Raiatea, akamwandikia Malkia Victoria, huyuhuyu ambaye ziwa letu limebebeshwa jina lake, akimsihi kama mwanamke kwa mwanamke aje kumsaidia. Msaada haukuja. Mwaka 1880 mwanawe, Pomare wa Tano, alikabidhi kila kitu na kubaki na pensheni. Alizikwa Arue, ndani ya kaburi la mawe lenye mtungi juu ya paa. Watu wa mjini wanashikilia kwamba ule si mtungi, ni chupa ya kinywaji alichokipenda.

Wazee wa Bukumbi hawatashangaa habari ya mapadri wa Kifaransa na wachungaji wa Kiingereza kugombea ikulu moja. Misheni yao ilianzishwa 1883 na mapadri walioondoka Buganda hali ilipochafuka.

"Mimi ni wa Nansio. Je, kinalingana na Ukerewe yetu?" Msomaji, Nansio.

Kwa eneo, Tahiti ni karibu mara mbili ya kisiwa cha Ukerewe: kilomita za mraba 1,045 hivi. Kwa watu mnawazidi mbali. Tahiti ina kama 190,000, nanyi wilaya nzima mlikuwa mmeshapita 340,000 kwenye sensa ya 2012. Tofauti inaletwa na milima. Tahiti ni volkano mbili kuukuu zilizounganishwa na kipande chembamba cha ardhi pale Taravao, umbo la kibuyu kilicholazwa ubavu. Mlima Orohena una mita 2,241, na huko katikati hakuna vijiji, ni makorongo, maporomoko ya maji na mvua. Watu wote wamejipanga pwani, kando ya barabara moja inayozunguka tumbo la kibuyu. Ukiuliza mtu anakaa wapi, anakutajia kilomita: ishirini na mbili, upande wa mlimani. Mchanga mwingi ni mweusi, wa volkano. Ule mweupe wa kwenye kalenda mara nyingi umepigwa picha Bora Bora. Na foleni ya asubuhi ya kuingia Papeete ni ndefu, msidhani Buzuruga mna hatimiliki.

"Mwalimu, baba alinifundisha kujenga mitumbwi nami nafundisha wanangu. Hao watu walivukaje bahari kubwa vile bila injini wala dira?" Fundi, Kayenze.

Fundi, hili swali nilikuwa nalingoja, na ningekuwa na nafasi ningelipa ukurasa wote.

Mababu zao walifika Tonga na Samoa yapata miaka 2,800 iliyopita, wakitokea upande wa Asia kisiwa baada ya kisiwa. Hapo wakatulia kwa karne nyingi. Kisha, kama miaka 1,000 iliyopita, wakaamka tena wakaelekea mashariki hadi Tahiti na visiwa vyake, na baada ya muda usio mrefu wakawa wamefika Hawaii kaskazini, Rapa Nui mashariki na New Zealand kusini. Chukua ramani uangalie pembetatu hiyo. Hakuna kabila lingine lililokuwa limeenea baharini kiasi hicho kabla ya meli za Ulaya.

Chombo chenyewe kilikuwa magogo mawili marefu, kila moja likiongezewa mbao ubavuni. Hakikutumia msumari hata mmoja: walitoboa mbao, wakashona kwa kamba ya makumbi ya nazi, wakaziba kwa utomvu. Magogo yaliunganishwa kwa mihimili, juu yake jukwaa na kibanda, na tanga la mikeka ya mkadi. Walibeba nguruwe, mbwa, kuku, migomba, magimbi na machipukizi ya mshelisheli yaliyofungwa kwa uangalifu yasichomwe na chumvi. Hiyo ni safari ya watu wanaojua wanahamia, si ya wavuvi waliopotezwa na upepo. Lugha yao ni ya ukoo mmoja na Kimalagasi cha Madagaska. Wanahistoria wengi wanaona kwamba hata ngalawa ya pwani yetu, ile yenye mbao za pembeni zinazoizuia isipinduke, asili yake ni ufundi wa mabaharia wa ukoo huohuo waliovuka Bahari ya Hindi.

Njia waliisoma. Nahodha alikariri kila nyota inachomoza wapi na kuzama wapi, akaifuata mpaka ipande juu sana, kisha akashika nyingine iliyo nyuma yake. Mchana alitumia jua na mawimbi makubwa yanayotoka mbali, ambayo hayabadiliki ovyo na upepo wa siku. Wengine walilala ndani ya gogo ili mgongo usikie wimbi limetoka upande gani. Karibu na nchi kavu waliangalia ndege wanaotoka asubuhi kuvua na kurudi jioni, na mawingu yanayoganda juu ya kisiwa ambacho jicho bado halijakiona. Ninyi wavuvi wa dagaa mnaofuata giza la mwezi mnaelewa, mwanga wa angani ni chombo cha kazi.

Mwaka 1769 kuhani mmoja wa Raiatea, Tupaia, alipanda meli ya Kapteni James Cook. Akawasaidia kuchora ramani yenye visiwa 74, vyote kutoka kichwani mwake, na alikuwa mkalimani wao hadi New Zealand, ambako watu walimwelewa ingawa hawajawahi kuonana. Alikufa kwa ugonjwa Batavia, Jakarta ya leo, mwaka 1770. Miaka karibu mia mbili baadaye wasomi wa Ulaya bado walikuwa wanabishana kama Wapolinesia waliweza kweli kusafiri kwa makusudi. Miaka ya 1970 watu wa Hawaii walijenga chombo cha magogo mawili, Hōkūleʻa, wakamwomba nahodha Mau Piailug wa kisiwa cha Satawal, Mikronesia, awaongoze bila dira mwaka 1976. Walisafiri kama kilomita 4,000 kwa muda wa mwezi hivi, wakaingia Papeete. Maelfu walijaa bandarini, wengine wakipanda chomboni hadi kikadidimia upande wa nyuma. Ubishi ukaisha.

"Mwalimu wetu darasani alisema maji ya bahari hupwa na kujaa kwa saa tofauti kila siku. Rafiki yangu anabisha kuwa Tahiti ni saa zilezile. Nani mkweli?" Mwanafunzi, Bwiru.

Wote wawili. Sehemu nyingi za dunia maji hufuata mwezi, ndiyo maana huchelewa kama dakika 50 kila siku. Tahiti iko karibu na mahali ambapo nguvu ya mwezi juu ya maji inakaribia sifuri, hivyo linabaki jua. Maji hujaa karibu na saa sita mchana na saa sita usiku, siku zote, na tofauti ya kina ni kama sentimita 30 tu. Mpe rafiki yako maksi zake.

"Kwa nini huitwa paradiso? Nani alianza?" Msomaji, Capri Point.

Wanaume watatu wa meli, kwa kifupi. Samuel Wallis, Mwingereza, alitia nanga Juni 1767. Watahiti walimvurumishia mawe, akajibu kwa mizinga, wengi wakafa. Baada ya hapo ikaja amani ya walioshindwa, na biashara. Wenyeji hawakuwa na chuma, kwa hiyo mabaharia waling'oa misumari ya meli yao wenyewe kuwanunulia wanawake, hadi wakubwa wao wakaogopa meli itafumuka. Aprili iliyofuata akaja Louis-Antoine de Bougainville, Mfaransa. Alikaa siku kumi hivi, akakipa kisiwa jina la nyumbani kwa mungu wa mapenzi wa Wagiriki, na 1771 akachapisha kitabu. Paris ikalewa. Siku kumi! Hata mpangaji wa Mabatini humjui tabia kwa siku kumi.

Bougainville aliondoka na kijana wa Kitahiti, Ahutoru, aliyekaa Paris akipenda sana kwenda opera. Safari ya kurudi kwao ndui ilimuua karibu na Madagaska, 1771. Wa tatu ni Cook, aliyetumwa kutazama sayari ya Zuhura ikipita mbele ya jua tarehe 3 Juni 1769, ili wanajimu wapige hesabu ya umbali wa jua. Mahali aliposimika darubini panaitwa Pointe Vénus mpaka leo.

Hicho kisiwa cha "mapenzi" kilikuwa na tabaka la machifu na tabaka la watu wa chini, vita vya mara kwa mara, na kafara ya binadamu. Cook mwenyewe alishuhudia moja mwaka 1777. Kilikuwa na watu, yaani. Na meli zilipoendelea kuja zilileta magonjwa. Wamisionari wa 1797 walikadiria watu 16,000, na inaaminika walishapungua sana kabla ya hapo. Miaka thelathini mbele walikuwa chini ya 10,000. Wazungu waliokuja baadaye walikuta makaburi, wakaendelea kuandika maua.

Mchoraji Paul Gauguin alifika 1891 akiitafuta ile ya vitabuni. Alikuta Papeete ya mabati, makarani na maduka, akahamia kijijini na kuchora alichokuja kukitafuta. Alijichukulia wasichana wa miaka 13 na 14. Nimefundisha wasichana wa umri huo maisha yangu yote ya kazi. Rangi zake sizibishi. Mengine sina la kumsifia.

"Mimi Mtanga niliyeolewa Nyegezi. Shelisheli nazikumbuka sana. Ni kweli zilitoka Tahiti?" Mama wawili, Nyegezi.

Asili yake ni upande wa New Guinea, dada, ila mabaharia wetu wa magogo mawili ndio waliousambaza mti huo Pasifiki nzima. Kule Tahiti tunda lake lilikuwa chakula kikuu. Huokwa kwenye shimo la mawe ya moto, na zilizozidi huchachishwa shimoni zikawekwa kwa ajili ya miezi ya upungufu. Aina bora haina mbegu, huota kwa machipukizi, na hapo ndipo kisa kinapoanzia.

Wenye mashamba ya miwa huko Karibi walitaka chakula rahisi cha kulisha watumwa. Serikali ya Uingereza ikamtuma William Bligh na meli ya Bounty. Alifika Tahiti Oktoba 1788, akakaa miezi mitano akiotesha, akaondoka na miche 1,015. Mabaharia nao walikuwa wameota mizizi. Tarehe 28 Aprili 1789, karibu na Tonga, waliasi, wakamshusha Bligh na watu 18 kwenye mashua ya wazi, na miche ikatupwa majini. Bligh alifika Timor, safari ya zaidi ya kilomita 6,000. Waasi tisa, pamoja na Watahiti wanaume kwa wanawake, walijificha Pitcairn, na wazao wao wapo mpaka leo. Bligh alirudi tena na meli nyingine, na mwaka 1793 shelisheli zikashuka Saint Vincent na Jamaika. Watumwa walikataa kuzila kwa muda mrefu. Siwalaumu.

"Sisi huku ni pamba. Je, wao hulima nini cha biashara?" Mkulima, Magu.

Mzee wangu, shikamoo. Utashangaa: walilima pamba pia. Vita vya wenyewe kwa wenyewe Marekani, 1861 hadi 1865, viliadimisha pamba duniani, na Mskoti William Stewart akafungua shamba kubwa Atimaono. Watahiti hawakuona sababu ya kumfanyia kazi, wana samaki na shelisheli. Akaleta Wachina, kama elfu moja, kuanzia 1865. Vita vilipokwisha bei ikaanguka, na 1873 shamba likafilisika na mwenyewe akafa. Bei kuanguka mkulima akiwa ameshapalilia, hilo hulihitaji mimi nikufundishe. Wachina walibaki, wakafungua maduka, na leo tambi zao ni chakula cha kila nyumba. Siku hizi mazao ya kuuza ni kopra, vanila kutoka visiwa jirani, inayochavushwa kwa mkono ua moja moja kama wanavyofanya Kagera, na lulu nyeusi.

"Konokono wakubwa wananimalizia mchicha. Nimesikia Tahiti walileta mdudu anayewala. Tunaweza kumpata?" Mkulima wa bustani, Mkuyuni.

Usimtafute, tafadhali.

Konokono wako ni mwenyeji wa Afrika Mashariki. Alipelekwa Tahiti 1967, aliwe. Akatoroka, akazaana, akashambulia bustani. Mwaka 1974 wataalamu wakamleta konokono mwingine kutoka Florida, mla konokono. Huyu alionja yule mkubwa wa kwetu, akaona kazi, akawageukia wadogo wa mitini waitwao Partula, wa sentimita mbili hivi, ambao aina zao nyingi hazikupatikana kwingine duniani. Kila bonde lilikuwa na wa kwake, na akina mama walishona mikufu kwa makombe yao. Moorea, kisiwa cha jirani, alikopelekwa 1977, aina zote saba zilitoweka porini ndani ya miaka kumi. Wa kwako aliendelea kula mboga.

Sisi wa Mwanza tuna haya ya kuwacheka? Sangara alitiwa ziwani miaka ya 1950 na 1960, na kufikia miaka ya 1980 furu waliokuwa wakijaza nyavu za baba zetu walikuwa wanahesabika. Tofauti ni kwamba sangara alileta viwanda na fedha, kwa hiyo tunagombana juu yake hadi leo. Yule wa Florida hakuna aliyekula hata senti yake.

Partula wachache waliokolewa wakafugwa kwenye bustani za wanyama London, Edinburgh na kwingineko, kama baadhi ya furu wetu wanavyofugwa matangini Ulaya. Tangu 2015 wamekuwa wakirudishwa kwa maelfu, kila mmoja na nukta ya rangi kwenye gamba. Mwaka 2024 Moorea walikutwa wakubwa wasio na nukta, yaani wamezaliwa porini. Wewe amka na tochi usiku, uwaokote kwa glavu, ufyeke majani ya kando ya tuta.

"Shikamoo Mwalimu. Ni kweli Wafaransa walilipua mabomu ya nyuklia huko?" Bodaboda, Mabatini.

Marahaba. Ni kweli. Walianza majaribio yao jangwani Algeria. Algeria ilipopata uhuru 1962 wakahamia Moruroa na Fangataufa, visiwa vya matumbawe vilivyo kama kilomita 1,250 kutoka Tahiti. La kwanza lilikuwa tarehe 2 Julai 1966, la mwisho Januari 1996. Jumla 193, zaidi ya 40 yakiwa ya hewani hadi 1974. Tarehe 17 Julai 1974 wingu la bomu moja halikufuata njia iliyotabiriwa, likapita Tahiti kwenyewe. Watu hawakuambiwa wakae ndani. Sheria ya fidia ilipitishwa 2010, na mwaka 2021 Rais Macron alikiri mjini Papeete kwamba Ufaransa ina deni. Kusema radhi hakusema.

Fedha za jeshi zilibadilisha kisiwa kuliko wamisionari wote. Vijana waliacha bustani na mitumbwi ya visiwa vya mbali wakaja kutafuta mshahara, Papeete ikavimba, chakula kikaanza kuja kwa meli na ndege. Walipotangaza kurudia majaribio mwaka 1995, waandamanaji walichoma jengo la uwanja wa ndege wa Faa'a.

Kama unataka jina moja la kukumbuka, chukua Pouvanaa a Oopa. Alipigania Ufaransa Vita vya Kwanza, akarudi akawa mwanasiasa wa wanyonge. Mwaka 1958 alipiga kampeni ya uhuru kwenye kura ya maoni, akashindwa, akakamatwa akidaiwa kupanga kuuchoma mji. Kifungo, kisha uhamisho Ufaransa. Alirudi 1968, akafa 1977. Mahakama ilifuta hukumu yake mwaka 2018. Walioanza mabomu hawakutaka yeye awepo, huo ni uamuzi wangu mimi, nanyi someni muamue.

"Wana ngoma kama Bulabo yetu?" Mcheza ngoma, Kisesa.

Wanayo, na historia yake itakuchekesha. Sheria za Pomare na wamisionari zilikataza ngoma. Kuanzia 1881 Wafaransa wakasherehekea sikukuu yao ya taifa ya Julai, wakahitaji burudani, na wenyeji wakaitumia nafasi hiyo kurudisha ngoma polepole mbele ya macho ya serikali. Leo inaitwa Heiva: vikundi vinashindana wiki kadhaa, ngoma za magogo, viuno, kwaya, kunyanyua mawe mazito, kukimbia na mzigo wa ndizi begani, kurusha mikuki kwenye nazi iliyo juu ya nguzo. Ninyi mmechukua sikukuu ya Ekaristi mkawapa Bagika na Bagalu, makundi yenu mawili ya ngoma, uwanja wa kutambiana Bujora. Wao walichukua sikukuu ya mkoloni. Ushabiki ni uleule, na malalamiko juu ya waamuzi nina hakika ni yaleyale. Mitumbwi pia hushindana: tangu 1992 kuna mbio za siku tatu kutoka Huahine hadi Bora Bora, wapiga makasia sita kila chombo.

"Mwalimu, nina dagaa wa kutosha. Tahiti nitapata soko?" Mfanyabiashara, Mwaloni Kirumba.

Hutapata, mdogo wangu. Wao hula jodari mbichi aliyelowekwa kwenye ndimu na tui la nazi, samaki aliyevuliwa asubuhi hiyohiyo, na dagaa wako atafika amechoka kuliko wewe. Njiani atapanda ndege zaidi ya mbili, forodha ya vyakula kutoka nje ni kali, na bei ya maisha kule ni ya Ulaya na zaidi. Kongo wanamtaka, na lori linapakia pale pale ulipo.